Nakshi Huokotwa Chini

Kwenye simu ya Swaumu binti Mwinjuma picha za watu zinahesabika, za ardhi hazihesabiki. Ukifungua tu unakutana na pevingi, vile vitofali vya njiani, zilizolika pembe, saruji iliyopasuka mfano wa kiganja cha mzee, ukingo wa barabara uliomeguka kama mkate ulioumwa na mtu mwenye haraka, na mfuniko wa mtaro wenye vidoti vilivyosagika upande mmoja tu, ule wanaopita watu. Katikati ya hayo yote kuna picha moja ya Naila, binti wa kaka yake, akiwa amevaa gauni jipya. Na hiyo nayo Naila hana kichwa, kwa sababu mpiga picha alikuwa anaitazama sakafu aliyosimamia mtoto.

"Shangazi, ardhi unaipiga picha ya pasipoti? Inasafiri kwenda wapi?" Rajabu alimuuliza siku moja. Rajabu ni dereva wa bodaboda, anaegesha pikipiki yake pale pale Swaumu anapouza chai, kwenye kona ya njia ya waenda kwa miguu inayotoka barabara kubwa kuelekea geti la hospitali ya Tumbi, Kibaha.

"Inakwenda Mzenga," Swaumu alijibu bila kuinua uso. Alikuwa amepiga magoti, simu kaishika kwa mikono miwili kama anayepokea dua. "Sogeza tairi lako, unanitilia kivuli."

"Mzenga, Kisarawe? Kule kwenu ardhi mmeishiwa mpaka muagize ya Kibaha?"

"Rajabu, kunywa chai yako inapoa."

Rajabu alicheka, akasogeza tairi. Watu wote pale kijiweni wanamwita Swaumu "Shangazi", wamerithi jina hilo kwa Naila, ambaye alipokuwa mdogo alikuwa analiita kutoka ng'ambo ya barabara mpaka madereva wanageuka. Ila kwa nini Shangazi anapiga picha chini, hilo wengi hawakulijua, na Swaumu si mtu wa kueleza mambo kabla hayajaiva.

Kibaha hakuja kutafuta maisha. Alikuja kumfuata kaka yake, Bilali, aliyeanguka kutoka juu ya mnazi na kuletwa hospitali akiwa na mguu uliovunjika vibaya. Swaumu alibaki kumpikia na kumfulia, na kwa kuwa kumsubiri mgonjwa ni kazi isiyo na cha kushika mkononi, akaanza kuchemsha chai kwa ajili ya wenzake waliokuja kusubiri kama yeye. Chai ikapendwa. Bilali akapona, akarudi Mzenga kwa magongo, na chai ikabaki. Baadaye Naila akaja kusoma Kibaha, akaishi kwa shangazi yake, akakua pale pale pembeni ya birika. Swaumu hakujaaliwa kuzaa. Naila ndiye aliyemfanya aitwe "mama" kwenye vikao vya shule.

"Ningejua kuanguka kwangu kutakupa biashara na mtoto juu yake," Bilali hupenda kumwambia kwenye simu, "ningeanguka mapema."

"Ungechagua mnazi mfupi basi," Swaumu humjibu.

Sasa, ukoo wao una jambo lake. Binti anapoolewa huwekwa ndani kwanza, na siku ya kutolewa nje hukalishwa juu ya mkeka uliosukwa na shangazi yake. Si mkeka wowote. Lazima uwe na nakshi ambayo hakuna binti mwingine wa ukoo aliyewahi kuikalia, na nakshi hiyo haitoki kichwani. Marehemu mama yao, Bi Mwanamkuu, alikuwa akisema, "Nakshi huokotwa, haitungwi." Maana yake shangazi aizunguke ardhi anayoishi, mahali miguu yake inapokanyaga kila siku, mpaka ardhi impe kitu. Swaumu mwenyewe alitolewa nje juu ya "Njia ya Siafu", kwa sababu wiki ile siafu walikatiza uwanjani kwao wakaacha mstari uliopinda mara tatu. Dada yake mkubwa alipata "Mkia wa Kenge", uliookotwa kwenye tope la bondeni, kenge alipojiburuta kwenda majini.

Siafu na kenge ni mambo ya Mzenga. Swaumu alikuwa akikanyaga pevingi.

Naila alipochumbiwa na Omary, kijana wa Mlandizi anayefundisha shule ya msingi, na ndoa ikapangwa baada ya Idi, Bilali alipiga simu hata kabla ya kutaja siku. "Dada, umeokota?"

"Bado. Natafuta."

"Tafuta, dada. Wanawake wa huku wameshaanza maneno. Wanasema mtu wa mjini ataleta mkeka wa plastiki wenye picha ya tausi."

Hilo neno lilimchoma. Naila awe binti wa kwanza katika ukoo kukalia tausi wa dukani! Na awe ni huyu, mtoto pekee ambaye Swaumu amemlea kwa mikono yake, na mkeka ndiyo zawadi pekee ambayo hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumpa. Ndiyo maana alianza kutembea ameinama.

Pevingi huwezi kuing'oa ukaenda nayo nyumbani kusukia. Kabla ya kurudi Mzenga kuwekwa ndani, Naila alimwachia simu yake ya zamani, akamfundisha kupiga na kuvuta picha kwa vidole viwili ili kitu kidogo kiwe kikubwa. Mengine Swaumu alijifunza peke yake. Alijua sasa kwamba jua la adhuhuri ni bure, linaipiga ardhi utosini na kila kitu kinakuwa bapa kama uso wa sahani. Alijua kwamba picha njema ni ya asubuhi, au baada ya alasiri, jua likiwa limelala, kwa sababu hapo kila shimo linapata kivuli chake na kila jiwe linajitaja jina. Alijua kufuta kioo kwa pindo la kanga, kwa kuwa mikono ya muuza chapati haikosi mafuta. Alienda mpaka stendi ya Maili Moja, alienda sokoni Mlandizi, akapiga na kupiga. Usiku aliziangalia. Zilikuwa nzuri, lakini hakuna iliyomwambia, "Ni mimi."

Kumbe ilikuwa mbele ya benchi lake.

Asubuhi moja ya Alhamisi alikuwa anamwagia maji kuni iliyokataa kuzima. Jua lilichungulia kati ya ukuta na mti, likatambaa juu ya pevingi za kona. Swaumu akabaki na kopo mkononi. Vitofali vile vilipangwa kwa mshazari tangu vilipowekwa, hilo kila mtu analiona. Lakini miaka ya miguu ilikuwa imeviviringisha pembe, mchanga mwekundu umejaa kwenye maungio, na pale watu wanapokata kona kwenda getini, maungio yalikuwa mapana zaidi, mekundu zaidi, yakipita juu ya mshazari kama mto unaopita juu ya mashamba. Mistari ilijikunja, ikapishana, ikarudiana. Ni ukili huu! Ukanda wa mkeka uliosukwa tayari, unasubiri tu majani ya ukindu!

Alipapasa simu. Akapiga moja, ikatoka na ukungu. Akapiga ya pili, akapita kijana na toroli. Wakati anajiweka sawa kwa ya tatu, jua lilikuwa limeshapanda, mto ukazama.

"Kesho," alijiambia. "Kesho ipo."

Siku hiyo hiyo mchana wakaja watu wenye fulana za kuakisi mwanga, wakapima njia kwa kamba, wakachora alama nyeupe. Njia yote, walisema, inang'olewa na kuwekwa pevingi mpya. Kazi inaanza Jumatatu. Watu kijiweni walifurahi, kwa kweli hata Swaumu alifurahi kwa upande mmoja, maana kila mvua ikinyesha wagonjwa hukanyaga madimbwi. Lakini upande wa pili wa moyo ulishuka mpaka kwenye kandambili.

Ijumaa ilikuwa na mawingu, Jumamosi vivyo hivyo. Jumapili jioni mbingu ikawa safi, na Swaumu akajua kuwa asubuhi ya Jumatatu, kabla mafundi hawajafika, atapata jua lake. Basi akafanya lile ambalo mwanamke yeyote wa Mzenga angelifanya. Mwali hatolewi nje kabla ya kuogeshwa. Mtu hapigwi picha hajanawa uso. Alichota ndoo, akamwaga maji na sabuni ya unga, akachukua ufagio wa chelewa, akaisugua kona ile kwa mapenzi yote, mstari kwa mstari, huku akiimba kwa sauti ya chini. Akaisuuza. Akalala na furaha.

Asubuhi jua lilikuja kama lilivyoahidi. Swaumu alipiga magoti, akafuta kioo, akatazama. Hakukuwa na mto. Kulikuwa na vitofali vya kijivu, safi, na mianya mitupu katikati yake kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza.

Rajabu alifika, akazima pikipiki, akasimama. "Mungu wangu! Shangazi, umeiogesha?"

"Nimeitoa vumbi."

"Vumbi si ndiyo ilikuwa nguo yake?"

Swaumu aliweka simu chini. Alikaa kwenye benchi. Na kwa mara ya kwanza akamweleza mtu: Naila, mkeka, siafu, kenge, tausi wa dukani, vyote. Alieleza huku akikunja pindo la kanga, analikunja na kulikunjua. Rajabu, ambaye kwa kawaida hanyamazi hata akiwa anatafuna, alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Duh. Shangazi, mimi nilidhani unatafuta hereni iliyodondoka. Siku zote hizo nikakuonea huruma, nikasema hereni gani hiyo."

Swaumu akacheka bila kupenda, machozi yakiwa bado yamesimama machoni.

Ndipo msimamizi wa mafundi akafika, mtu mrefu, taratibu, jina lake Melkiori.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za kuamka?"

"Salama. Mama, samahani kwa usumbufu, hapa ndipo tunapoanzia. Kona hii ndiyo ya kwanza. Tunaomba utupishe."

"Baba yangu, nikuombe kitu. Niachie kona hii kidogo."

"Kwani hapa pana nini?"

"Pana mkeka wa mwanangu."

Melkiori alitazama chini, akatazama juu ya mti, akamtazama Rajabu. "Mama, mimi sioni mkeka."

"Hata mimi leo siuoni. Ndiyo shida yenyewe."

Ikabidi ielezwe tena, mara hii Rajabu akimsaidia kwa mikono na miguu, akaigiza hata kenge. Mafundi walicheka. Melkiori hakucheka. Alichutama, akapitisha kidole kwenye mwanya mmoja kati ya vitofali, akakitazama kidole.

"Kuanzia huku au kuanzia getini, kwangu kokoto ni zile zile," alisema. "Basi nitaanza kule getini, nije na huku. Lakini mama, tuelewane. Nikifika hapa sisimami. Mimi nina bosi, na bosi wangu ana bosi wake."

"Mungu akupe umri, baba."

"Anipe na mvua ichelewe," Melkiori alisema, akaondoka na watu wake.

Swaumu hakupoteza muda. Kama mchanga umetoka, si mchanga utarudi? Alikwenda nyuma ya ukuta, akachota mchanga mwekundu kwenye beseni, akaumwaga, akausambaza kwa ufagio mpaka mianya yote ikajaa. Akangoja jua la alasiri. Likaja. Ardhi ilikuwa nyekundu yote sawasawa, kama ubao uliopakwa rangi na fundi mvivu. Hakuna palipokuwa pana wala pembamba. Hakuna mto.

"Inataka miguu," alisema Rajabu. "Oya, wanangu!" aliwapigia mbinja wenzake. "Shukeni kwenye vyombo! Tumkanyagie Shangazi barabara!"

Wakaja madereva, watano au sita, wakajipanga. Wakaanza kutembea juu ya kona, kwenda na kurudi, mikono ikipaa juu kama gwaride la sherehe za uhuru, mmoja akipiga saluti kwa birika.

"Tembeeni kama watu!" Swaumu aliwaambia.

"Kwani sisi ni nani, Shangazi?"

"Mnatembea kama mnaopigwa picha. Nataka mtembee kama mtu anayewaza mambo yake."

Wakajaribu kuwaza. Mmoja akakunja uso mpaka akafanana na mtu anayeumwa jino. Wote wakaangua kicheko, gwaride likavunjika, na mchanga ukawa umevurugwa tu, wenye alama za soli za mabuti. Wakati huo huo akapita mama mmoja amebeba hotpoti kwenye mfuko wa kitenge, anakwenda kumwona mgonjwa. Hakumwangalia mtu. Alikata kona pale pale palipokatwa na watu miaka nenda rudi, hatua zake nyepesi, akapotea upande wa geti. Swaumu alimfuata kwa macho. Nakshi ile haikuwa ya mchanga wala ya vitofali. Ilikuwa ya watu kama yule, wanaopita na sahani ya mgonjwa, mioyo yao ikiwa imeshatangulia wodini. Na hao huwezi kuwaita kwa mbinja.

Jumanne Bilali akapiga simu. "Dada, umeokota?"

"Niliokota, nikaifua."

"Ukaifanya nini?"

"Niache, Bilali. Niombee dua."

Bilali alicheka mpaka akakohoa, kisha akaomba dua kweli, pale pale kwenye simu, ndefu, na Swaumu akaitikia amina huku anageuza chapati.

Sasa, tazama jinsi mambo yanavyojipanga yenyewe mtu akikutendea wema. Kwa sababu Melkiori alianzia getini, upande ule wa njia ulikuwa umechimbuliwa, na udongo wa chini ya pevingi, mwekundu na mbichi, ulikuwa umelala wazi. Geti dogo la pembeni likafungwa. Watu wote waliokuwa wanapitia huko wakalazimika kuukanyaga udongo ule na kuja kupitia kona ya Swaumu. Walikuja wengi kuliko siku zote, asubuhi, mchana na jioni, wakienda na wakirudi, wamebeba uji, wamebeba mashuka, wamebeba habari. Kila mmoja alileta udongo kidogo kwenye soli. Usiku wa Jumatano yakanyesha manyunyu, si mvua ya kusimamisha kazi, manyunyu tu ya kuubandika udongo ukashika.

Swaumu hakuigusa kona tena. Hata ufagio aliuficha kwa jirani yake, mama wa maandazi, asije akajisahau.

Alhamisi asubuhi mafundi walikuwa wamefika hatua chache kutoka kwake. "Mama," Melkiori alimwita, kwa sauti ya mtu asiyependa anachokisema, "leo ndiyo leo. Ondoa benchi."

Benchi la Swaumu huwekwa alfajiri, kukiwa bado giza, na huondolewa baada ya magharibi, kukiwa giza tena. Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuliondoa jua likiwa linawaka. Rajabu akashika upande mmoja, yeye akashika mwingine, wakaliinua. Wakahamisha na jiko, na ndoo, na meza ndogo ya vikombe. Swaumu akageuka kutazama.

Mto ulikuwa umerudi, mwekundu, mpana kuliko ule wa kwanza. Ulitoka upande wa geti ukija moja kwa moja juu ya mshazari wa vitofali. Lakini ulipofika mahali pa benchi uligawanyika. Mkono mmoja ulipita huku, mkono mmoja kule, kisha ikakutana tena mbele na kuendelea na safari. Na katikati ya mikono miwili palikuwa pameachwa peupe. Pevingi za pale chini ya benchi zilikuwa na pembe kali, hazijalika hata kidogo, kama zimewekwa jana. Kila kitu kando yake kilikuwa kimesagwa na miguu ya miaka, ila pale, mahali padogo penye umbo la mwanamke aliyekaa na jiko lake, hapakuwa na hata unyayo mmoja.

"Kumbe wamekuwa wananipisha," alisema, na sauti yake ikawa ndogo.

Maana aliliona lote kwa mara moja. Watu wale walikuwa na haraka. Wengine walikuwa wanakimbilia kuzaa, wengine wanakimbilia kuaga. Yeye alikuwa amekaa katikati ya njia yao, mgeni kutoka Kisarawe na birika lake, na kona hiyo ilikuwa ndiyo njia ya mkato. Hakuna aliyemwambia ondoka. Hakuna aliyempiga teke jiko. Kila mmoja, bila kusema, alisogea hatua moja pembeni, leo na kesho na mwaka ule mwingine, mpaka saruji ikakubali kuandika.

"Shangazi, jua!" Rajabu alimkumbusha. "Piga, jua linapanda!"

Swaumu alipiga magoti. Akafuta kioo. Melkiori alinyoosha mkono, na mafundi wakasimama na sururu zao begani, hata yule mwenye toroli. Watu waliokuwa wanapita nao wakasimama, wasijue kwa nini, kama watu wanavyosimama wakiona wenzao wamesimama. Hakuna aliyetia kivuli. Alipiga moja, ya pili, ya tatu, akazunguka upande wa pili akapiga tena. Akainuka, magoti yana udongo.

"Alhamdulillahi," alisema. "Ng'oeni."

Sururu ya kwanza iliposhuka hakugeuza uso. Aliwachemshia chai kona nzima siku hiyo, na hakuruhusu mtu ashike mfuko wake.

Ukindu aliupata kwa jamaa wa Dutumi, akauchana, akaukausha, akauchemsha kwenye sufuria na rangi nyekundu ya damu ya mzee. Alisuka kila usiku na kila palipokuwa na nafasi. Simu aliiegesha kwenye kopo la majani ya chai mbele yake. Kila kioo kilipozimika alikigusa kwa kidole chenye rangi, mpaka simu yenyewe ikawa nyekundu pembeni na Rajabu akasema imetiwa hina. Kazi ngumu ilikuwa pale katikati. Ukishaingiza ukindu wa rangi kwenye ukili, mkono unataka kuendelea nao. Ilimbidi aikate rangi, asuke kipande kwa ukindu mweupe mtupu, kisha airudishe, na akija kushona ukili kwa ukili, mikono miwili ya mto ikutane bila kupishana. Alifumua. Akasuka. Akafumua tena. Vidole vikavimba. Hakuwahi kushukuru kwa maumivu, lakini hayo aliyashukuru.

Siku mbili kabla ya ndoa alipanda gari mpaka Mlandizi, na kutoka hapo Rajabu, aliyekuwa amekuja na pikipiki yake kwa makusudi, akampakia yeye na mkeka uliokunjwa, wakashika njia ya vumbi kwenda Mzenga.

Bilali alikuwa anangoja mlangoni kwa magongo yake. Hakusubiri hata salamu zikamilike. "Fungua niione!"

"Si wewe unayetolewa nje," Swaumu alimwambia, lakini akaukunjua kidogo, ncha tu, na Bilali akagusa ukili kwa kidole gumba, akasema, "Njia ya kule."

"Ya kule kule."

"Nimelala kule miezi, sijawahi kuiona. Nilikuwa nasikia tu viatu."

Asubuhi ya kutolewa mwali uwanja ulijaa. Mkeka ulitandikwa. Wanawake wakausogelea, wakainama. Mmoja wao, Bi Zawadi, fundi mkubwa wa kusuka pale kijijini na mwenye ulimi mkali kuliko kisu cha kuchania ukindu, akanyoosha kidole. "Swaumu, hapa katikati rangi ilikuishia?"

"Haikuniishia, dada. Imepishwa."

"Imepishwa na nani?"

"Na watu wa Kibaha. Nakshi hii inaitwa 'Wamenipisha'."

Akawaeleza kwa maneno machache: njia, hospitali, benchi, miguu. Alieleza hata alivyoiogesha, nao wakacheka wakapigana makofi mabegani, kwa kuwa hapakuwa na hata mmoja kati yao ambaye angeiacha bila kuiogesha. Bi Zawadi hakucheka. Alizunguka mkeka wote, akachutama mahali mikono miwili ya mto ilipokutana, akatafuta kosa kwa ukucha, akakosa. Akavua kanga yake ya juu, akaitandaza mbele ya mlango ili mwali apite juu yake. Pale Mzenga hayo ni maneno makubwa kuliko hotuba. Rajabu, aliyekuwa amesimama kwa wanaume, akapiga mbinja moja kali, mpaka mzee mmoja akamkata jicho.

Vigelegele vikapanda. Naila akatoka, amefunikwa, anang'aa mafuta ya nazi, macho chini kama alivyofundishwa. Akaongozwa mpaka kwenye mkeka, akasita ukingoni. Kwa kuwa macho yalikuwa chini, nakshi ndiyo kitu cha kwanza alichokiona. Aliitazama kwa muda, mto unaokuja, unaogawanyika, unaokutana tena. Akanong'ona bila kuinua uso, "Shangazi, mbona hapa katikati peupe?"

"Ndiyo pa kukaa, mwanangu," Swaumu akamwambia.

Naila akavuka rangi kwa hatua ndefu, asiikanyage, akakaa.